Seva iliyonikesha
Jana nusura niharibu mradi wa kikundi chetu. Tuna seva mbili nyuma ya HAProxy, inayozigawia kazi. Kipimo cha afya nilikielekeza kwenye ukurasa wa mbele tu. Usiku seva ya pili ikapoteza mawasiliano na databesi, lakini ukurasa ukaendelea kujibu 200, na HAProxy ikazidi kuipelekea watu. Washkaji waliokuwa wanajaribu wakaishia kuona makosa tupu!

Kumbe mtu kuitika hodi si ushahidi kwamba ni mzima. Sasa kipimo kinagonga /afya, ambayo kwanza inauliza databesi. Ikigoma, inajibu 503. Seva inapimwa kila sekunde 2: ikifeli mara 3 mfululizo inawekwa benchi, ikifaulu mara 2 inarudi.

Presentesheni ni saa nne. Niombeeni jamani!