Siku Kumi Kando ya Ziwa Moero

Ndugu msomaji, labda wewe unakaa Likasi, Kolwezi, Kambove ao Kipushi. Ukisikia neno likizo unawaza watu wa franga nyingi, ndege na hoteli, halafu unasema: hiyo si yetu. Nataka nikueleze siku 10 ambazo jamaa yetu ilipitisha kule Kilwa, kando ya ziwa Moero, katika mwezi wa 7. Tulilala kwa wakwe, juu ya mikeka.

Jambo lenyewe lilianza kwa mama wa nyumbani. Alikuwa na miaka 9 bila kuona wazazi wake, na macho ya baba yake yalikuwa yamezimika. Mimi nilikuwa nimeweka franga za kununua mabati. Akaniambia, "Baba, mabati yatangoja. Mzee hatangoja." Tena kulikuwa na neno lingine ambalo tuliongea usiku, watoto wakisha kulala. Mtoto wetu wa kwanza, wa miaka 17, alikuwa anaacha masomo kidogo kidogo. Rafiki zake wawili walikuwa wamekwisha kushuka katika mashimo ya kobalti, na mmoja alirudi na pikipiki. Ninyi wazazi munaosoma hapa munajua pikipiki ile inahubiri namna gani.

Toka Lubumbashi tulipanda lori ya wachuuzi wa samaki ambayo ilikuwa inarudi bila mzigo. Pale Kasomeno njia inagawanyika: moja inaenda Kasenga, ingine inapanda Kilwa mpaka Pweto. Vumbi, nisiseme. Tulifika siku ya pili, wote tukiwa na nywele nyekundu.

Watoto walipoona ziwa walisimama tu. Kwetu, mito inayopita karibu na viwanda, watoto wanakatazwa kuingia. Mayi yake inabadilika rangi. Binti yetu wa miaka 8 akauliza mama yake kwa sauti ndogo: "Mama, hii mayi, tunaruhusiwa?" Baba mzazi, ungesikia swali hilo ungejibu nini? Mama alivua viatu akaingia wa kwanza na kikwembe chake. Kila asubuhi walioga, wakajenga nyumba za mchanga, wakalala kwenye jua sawa mijusi. Haikutuomba hata franga moja.

Lakini usiingie mayi mahali popote. Uliza wamama wanaofua nguo. Wao wanajua mamba anapita wapi. Penye matete na konokono uepuke, kwa maana ugonjwa wa bilharzia uko. Tena Moero si ziwa la kina kama Tanganyika, ambalo linapita mita 1,400 kwenda chini. Upepo ukija, mara moja linavurugika. Na usiende kwa wakwe mikono mitupu: sukari, sabuni, chumvi, na chandarua cha watoto wako mwenyewe.

Baba mukwe ni Mushila, yaani mtu wa samaki tangu nkambo zake. Hata bila macho alikuwa anashona wavu, vidole vinahesabu matundu. Mtoto wetu aliketi karibu naye siku ya kwanza kwa adabu tu, siku ya pili kwa kupenda. Mzee alimweleza mambo aliyoyasikia kwa baba yake: jinsi Wagiriki walivyokaa Kasenga wakati wa Wabelgiji, wakinunua samaki na kuwapeleka Elisabethville kwa kulisha kambi za Union Minière. "Nkambo yako mwingine alichimba shaba," akasema, "lakini boga yake ilitoka hapa." Akamweleza habari ya mpumbu, samaki ambaye wakati wa mvua alipanda Luapula kwa kutaga mayai. Watu waliwakamata njiani, wangali na mayai tumboni, na mbele ya mwaka 1950 wakawa haba kabisa. Leo wavuvi wengi wanafuata chisense, wale wadogo wa kuvuliwa usiku kwa taa. Upande wa Zambia uvuvi unafungwa toka mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2, ili samaki wazae.

Usiku mara tatu kijana alitoka na wajomba wake. Alirudi na baridi, mikono imechubuka, na fungu lake katika beseni. Siku ya nane akaniambia mbele ya mzee, "Baba, nimehesabu. Shimo linatoa franga nyingi kuliko ziwa." Nikasema ni kweli. Mzee akauliza, "Kule shimoni, nani anakufundisha?" Akajibu, "Hakuna, nkambo. Kila mtu anajichimbia." Mzee hakusema neno tena, aliendelea na wavu.

Wadogo walijifunza kusalimu: mwapoleni, na kujibu eya mukwai, magoti chini na makofi polepole. Siku moja tulifika Luanza, juu ya mwamba, pale mtumishi Dan Crawford alipokufa katika mwaka 1926. Watu walimwita Konga Vantu, mkusanyaji wa watu. Mama mdogo wa mke wangu yeye alikuwa amevuka kwenda Zambia kutazama Mutomboko, sikukuu ya Mwata Kazembe. Mimi sikubali yote yanayofanywa kule, zaidi sadaka kwa wafu. Lakini Balunda wale walitoka kwa Mwant Yav, hapa kwetu Congo, na watoto walisikiliza habari hiyo mpaka moto ulipozima.

Siku ya kuondoka mama alishika mkono wa baba yake kwa muda mrefu, na lori ilipiga honi mara tatu. Mzee akampa kijana sindano ya mti na wavu usiokwisha. "Umalize, uniletee."

Mwezi wa 9 alirudi kwa masomo. Siwezi kukuambia kwamba amekata shauri. Yule wa pikipiki angali anapita mlangoni jioni. Wavu umetundikwa kwa msumari katika chumba chake, na sasa umefika urefu wa mlango. Mabati hatujanunua.