Gololi Isiyodai Sarafu

Ndugu msomaji, huenda nawe una kijana nyumbani ambaye ukimtuma sukari hurejea jioni bila sukari na bila pesa, akiwa na hadithi ndefu ya sarafu zilizodondoka njiani. Ikiwa ndivyo, basi tuketi pamoja kidogo, kwani yaliyomkuta dada yangu hayako mbali na yako.

Dada yangu anaishi Kinyangiri, mkoani Singida, katika Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Huuza mafuta ya alizeti kwa chupa na kwa dumu, na kila shilingi iingiayo mlangoni mwake hupangiwa kazi kabla haijafika. Nilipokwenda likizo mwaka juzi nilimkuta amepungukiwa na shilingi 12,000 za sare ya shule. Mwanawe wa darasa la sita alikuwa amezitumbukiza, mia mbili mia mbili, sarafu 60 kamili, katika tumbo la mashine ya kamari iliyosimama penye kibanda kimoja. Vijana huziita dubwi. Sheria inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuzichezea, lakini mashine haina macho ya kupima umri, na mwenye kibanda aliyekuwa nayo macho alitazama kwingine.

Dada alitaka nimchape. Sikumchapa, na nisijisifu kwa hilo: asubuhi ileile mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka mkeka wa mpira kwa simu, na mkeka ulikuwa umechanika. Mtu mzima mwenye mkeka mfukoni ataanzaje kumwinulia mtoto fimbo? Nikamwita tu kando, nikamwuliza ni nini kilichomvuta. Nilidhani atasema fedha.

“Si hela, Mjomba,” alisema. “Ni pale taa zinapozunguka, ukiona inakaribia kusimama.”

Jibu hilo nililibeba hadi Dar es Salaam. Wakati huo nilikuwa nimesoma habari za watu wanaojitengenezea nyumbani meza za mchezo uitwao pinboli, nami nikaanza kuviweka vitu hivi viwili pamoja.

Pinboli, kwa msomaji asiyeifahamu, ni meza ya kioo iliyoinama. Gololi ya chuma husukumwa kwa fimbo ya springi, hupanda juu, hugonga vizingiti na kengele, kisha huteremka. Mchezaji huizuia isitumbukie kwa mabawa mawili madogo yanayoinuka akibonyeza vitufe ubavuni. Kumbe nayo ilipata kushitakiwa kwa kosa la dubwi. Mwaka 1942 jiji la New York liliipiga marufuku kuwa ni kamari, na meya wake, Fiorello La Guardia, akazivunja baadhi ya mashine hizo kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Wakati huo mashine hazikuwa na mabawa. Mabawa yaliletwa mwaka 1947 na kampuni ya Gottlieb ya Chicago. Marufuku ilidumu hadi 1976. Aliyekwenda kuitetea pinboli mbele ya madiwani alikuwa mwenzetu wa kalamu, Roger Sharpe: alitaja kwanza mahali gololi itakapopita, akavuta fimbo, nayo ikapita papo hapo. Madiwani wakakubali kwamba hapa mkono na jicho vinafanya kazi.

Meza ya kweli ya chuma inamshinda mwandishi wa mshahara kama mimi. Lakini iko programu iitwayo Visual Pinball, iliyoanzishwa na Randy Davis mwaka 2000, inayoichora meza nzima katika skrini. Kwa miaka mingi ilitumika katika Windows tu. Siku hizi ipo ya kutumika katika Linux, ule mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, ambao kila mtu anaruhusiwa kuuchukua bure, kuufungua, kuubadili na kumgawia jirani. Usiudhani mgeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

Basi likizo iliyofuata niliteremka Kinyangiri na kompyuta iliyotumika ya shilingi 180,000 na runinga mbili kuukuu, kubwa na ndogo. Fundi seremala alitupigia sanduku la mbao lenye miguu minne, akiuliza kila baada ya msumari kama ni jeneza au kabati. Runinga kubwa tuliilaza ndani, ndogo tukaisimamisha nyuma ionyeshe pointi. Vitufe vilitugharimu kibodi moja mbovu: tuliifungua, tukatoa kisahani chake cha saketi, mpwa wangu akaunganisha nyaya hadi ubavuni mwa sanduku. Herufi hazina kazi hapo. Funguo mbili za Shift ndizo mabawa, Enter ni fimbo ya springi.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Ukibonyeza, bawa liliinuka gololi ikiwa imekwisha kupita. Nililaumu kompyuta, nikalaumu Linux, nikapunguza vivuli na mapambo yote ya picha, wapi! Usiku wa tatu ndipo nilipotambua kwamba mkosaji alikuwa runinga: hujishughulisha kuirembesha picha kabla ya kuionyesha, na sekunde ndogo zinazopotea hapo zinatosha kuipoteza gololi. Tuliibadili kwa rimoti iwe katika hali ya michezo, ikatii. Nakueleza haya, msomaji, ili ukijaribu usipoteze siku tatu.

Ilipotii, kijana alicheza mara nne, akaiacha. “Haitoi kitu, Mjomba.” Maneno hayo yaliniuma kuliko gharama. Na dada naye, huku akichuja mafuta, akatia yake: “Kaka, umemwondolea ugonjwa mmoja ukamletea mwingine wenye umeme wa kulipia.” Sikuwa na jibu.

Jambo dogo ndilo lililobadili mambo. Meza hizo, hata zikiwa za skrini, zina ufunguo wa kuwa sarafu: ukibonyeza 5, mashine inaamini umeilipa. Kijana alitaka kujua inaaminije. Nikamfungulia maandishi yanayoiendesha meza, mistari mingi ambayo mimi mwenyewe sikuielewa nusu yake. Humo palikuwa na mstari unaosema mchezaji apewe gololi 3. Akaifanya 3 kuwa 30, akahifadhi, akaanza upya. Meza ikampa 30.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: “Na ile ya kibandani, nani aliandika namba yake?”

Nikamwambia hata ile ina mtu aliyeiandika, na kwamba kabla sarafu yake ya kwanza haijaingia palikuwa pameamuliwa ndani, kwa hesabu, kwamba kwa jumla mashine irudishe kidogo kuliko inachopokea. Bahati ya mtu mmoja ya siku moja haiiondoi hesabu hiyo. “Tuifungue,” akasema. Ina kufuli, nikamwambia, na ufunguo anao mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa, si kama mtu aliyepoteza. Usiku huo niliifuta namba ya kampuni ya mikeka katika simu yangu. Nimeirudisha mara moja tangu hapo, wakati wa fainali, na dada yangu hajui mpaka asome gazeti hili.

Sitakudanganya kwamba mpwa wangu alitakata siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata alirejea kibandani, mara mbili kwa hesabu aliyoikiri. Alisema alikwenda kuandika: kila sarafu iliyoingia na kila iliyotoka, wake na wa wenzake, katika daftari la hisabati. Mama yake alilichoma daftari kabla sijaliona, jambo ambalo bado tunagombana nalo.

Yeye sasa yuko kidato cha kwanza. Sanduku liko sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufumwa, na Jumapili watoto wa jirani hupanga foleni. Juma lililopita alinipigia simu: bawa la kushoto halipandi, saketi ya kibodi imeungua. Nimekwisha kuzunguka Kariakoo mara moja, nikaonyeshwa kibodi mpya tupu. Mimi nataka mbovu, ya kufungua.