Daftari la Saini, Kwihara

Jumamosi, 8 Juni 2024

Nimenunua daftari la jalada gumu sokoni Tabora na leo naanza. Nataka kukusanya saini za watu waliofanya jambo: waandishi, wachezaji, wanasiasa, na wazee wa huku kwetu Unyanyembe ambao hakuna aliyewahi kuwaomba saini isipokuwa karani. Mama Zawadi wa hapa nyumbani kaniuliza, zitalika? Nikamwambia haziliki. Akasema, "Mchwa hajui hilo." Ana haki, nitalishughulikia.

Usiku nimetoa noti ya zamani aliyoiacha marehemu baba, ya miaka ya mwanzo ya Benki Kuu, iliyofunguliwa Juni 1966. Ina saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei. Kuna watu duniani wanakusanya noti kwa saini tu: akibadilika waziri, kwao hiyo ni noti nyingine. Nimeiweka chini ya lenzi niliyoazima maabara ya shule. Mistari ni ya chapa, haina mahali kalamu ilipokandamiza wala mahali wino ulipozidi. Hii siihesabu. Imenifundisha macho, basi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimekwenda kwenye Tembe la Livingstone. Tumezaliwa nalo jirani, tunapita kama tunapita kisimani. Kuta nyekundu, paa bapa, mlango wa nakshi. Watoto wa shule walikuwa wakipigana picha mlangoni. Mimi nilikwenda kuangalia karatasi, nakala za barua zilizotundikwa ukutani. Nilisimama mpaka msimamizi akaniuliza kama natafuta kitu.

Kumbe hapa hapa Kwihara ndipo palipoanzia kesi kubwa ya saini. Livingstone, yule msafiri wa Uingereza, na Stanley, mwandishi wa gazeti, walifika kutoka Ujiji Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley akashika njia ya pwani, mzee akabaki kungoja wapagazi. Kabla ya kuagana, Livingstone alimkabidhi daftari lake kubwa la safari, akalipiga lakiri mara tano. Muhuri wa kweli hakuwa nao. Aligandamiza sarafu ya dhahabu ya Marekani, sarafu za anna na nusu anna za Bara Hindi, na kipande cha rangi ya kuchorea chenye nembo ya kifalme. Juu akaandika kwamba lisifunguliwe kabisa, apewe binti yake Agnes. Namwona mzee kwenye chumba kile cha giza akipekua mizigo kutafuta chochote chenye alama ngumu kuigiza. Ningekuwa yeye, ningetumia kidole tu.

Barua za Livingstone alizobeba Stanley zilipoanza kuchapwa katika gazeti la New York Herald mwaka ule ule, watu wengi Ulaya na Marekani walisema ni za kughushi, Stanley amejiandikia mwenyewe. Siwalaumu sana. Stanley alikuwa mtu wa maneno mengi, na hata kwenye shajara yake kurasa za siku ile maarufu walipokutana Ujiji zimechanwa. Aliyemwokoa ni mwana wa Livingstone, Thomas. Aliletewa furushi London tarehe 2 Agosti 1872, akaangalia lakiri na mwandiko, akaandika kwa mkono wake kwamba hilo ni daftari la baba yake na barua ni za baba yake, si za mtu mwingine.

Kwa hiyo vitu vitatu: alama, mikono iliyopokezana, na mtu anayeujua mwandiko. Nimeviandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Alhamisi, 13 Juni

Habari zimeenea. Kijana wa bodaboda kaja na jezi ya timu kubwa ya Dar, ina saini ya mchezaji mgongoni, bei elfu themanini.
"Shikamoo mwalimu. Hii ni orijino."
"Marahaba. Nani alimwona akisaini?"
"Aliyeniuzia."
"Na yeye?"
Akacheka. Jezi yenyewe nzuri, sikatai. Ila maka peni imepita kwa mwendo mmoja sawasawa, bila kuyumba, juu ya kitambaa kinachonyumbuka. Mchezaji anayesaini akielekea kwenye basi, jezi imeshikwa na mtu mwingine, herufi hazitulii hivyo. Nimemwambia anipe muda.

Jumamosi, 22 Juni

Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Mchezaji mmoja wa zamani wa mjini alikuwapo, anafundisha vijana siku hizi. Nilimfuata mazoezi yalipokwisha. Wakati wa mazoezi ni kumkera mtu. Nilikuwa na kalamu mbili na kipande cha kadibodi cha kuweka chini ya karatasi. Nilimwambia jina langu na kazi yangu, nikamtajia bao lake moja ninalolikumbuka. Alisaini taratibu, akaongeza tarehe bila kuombwa. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii ya nini?" Nikasema ya kumbukumbu. Alionekana hajaridhika, lakini alifurahi.

Nimeandika nyuma ya karatasi kwa penseli: mahali, siku, nani alikuwa pembeni. Wino wa bik nyuma ungeweza kupenya mpaka mbele.

Dukani kwa steshenari kijana alishaifungua mashine: "Tuilaminishe, mzee, isichafuke?" Nimeidaka mkononi mwake. Hapa kwetu kila cheti kinapigwa plastiki, cha kuzaliwa mpaka cha ubatizo, na siku ukitaka kuiondoa plastiki, karatasi inachanika pamoja nayo. Joto lenyewe linaweza kuharibu wino. Mimi natia kwenye bahasha ya karatasi, bahasha kwenye sanduku la bati, sanduku juu ya matofali mbali na ukuta. Mchwa wa Kwihara wanapanda ukuta wa tembe kama ngazi.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Nimekwenda kumwamkia mjomba kwa kuwa TANU ilizaliwa siku hii mwaka 1954, na yeye ni TANU mpaka leo, usimwambie habari za vyama vingine. Tulizungumza kuhusu mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ule wa kura tatu. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi ule wenye masharti ya Waingereza ya kumpigia kura Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Mjomba alikuwa kijana, hakuwa mjumbe, alikuwa nje na wenzake wakingoja habari.

Halafu akaniletea kadi yake. Imekunjwa mara nne, kingo zimeliwa. Saini ya katibu wa tawi ni mkwaruzo wa haraka. Pembeni, mahali pa mwanachama, dole gumba. Wino umeingia kwenye mistari ya ngozi vizuri kabisa, na kuna kovu dogo linalokata duara katikati. Nikamwomba anionyeshe kidole. Kovu lipo, la panga, la kufyeka shamba la tumbaku.
"Sasa mjomba, hii uniuzie."
"Siuzi. Nikifa chukua."
"Basi nisainie karatasi kwamba ni yako."
Akacheka mpaka akakohoa, akaniwekea dole jingine kwenye daftari langu, safari hii kwa wino wa muhuri wa shule. Sasa ninayo alama, ninaye mwenye mkono na ninao mashahidi wawili. Thomas Livingstone hakupata zaidi ya hapo.

Jumamosi, 20 Julai

Siku nzima nimesoma juu ya walioubeba mwili wa Livingstone. Jacob Wainwright alikuwa kwenye kundi la wapagazi ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani, wakafika hapa Kwihara Agosti 1872. Mwaka uliofuata, mzee alipofia kijijini kwa Chitambo, mahali ambapo sasa ni Zambia, Jacob alichonga kwenye mti jina la marehemu, tarehe, na majina ya wenzake. Kipande cha gogo kile kipo London, Royal Geographical Society. Chama hicho kiliwatolea waliombeba medali za fedha, kila moja na jina la mwenyewe ukingoni, lakini wengi walikuwa wameshatawanyika. Wasafiri wanakumbukwa kwa barua zao. Wapagazi walioipita njia hii, wengi wao wa kwetu Unyamwezi, hawakusaini kitu. Ningepewa nichague kimoja katika yote haya, ningechukua gogo la Jacob.

Jioni kaja mtu mwingine na kipande cha mlango wa nakshi, ati cha nyumba ya Mwarabu, kina maandishi. Nimemrudisha mbio. Milango iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mkusanyaji anayenunua vile anabomoa Tabora.

Nimeandika pia barua kwa mwandishi mmoja wa Dar: nusu ukurasa, ombi moja, na bahasha ya kurudishia yenye stempu na S.L.P. ya shule. Kitabu sikutuma, kinaweza kupotea, nimetuma kadi nyeupe. Nikipata nauli nitapenda siku moja kupanga foleni kwa Abdulrazak Gurnah na nakala yangu ya Peponi. Riwaya ile inakwenda na msafara kutoka pwani mpaka bara, na mimi nimezaliwa njiani.

Jumatano, 24 Julai

Kijana wa jezi kapita tena, kashuka mpaka elfu hamsini. Nimemwambia nitampa elfu kumi na tano, thamani ya jezi ya mtumba. Saini silipii hata shilingi mpaka aje na mtu aliyeiona ikiandikwa. Kakubali elfu kumi na tano. Mama Zawadi ameshaivaa kwenda kuchota maji.