Tukimlinganisha Mrithi na Aliyemtangulia



Kocha mkuu mpya anapoingia katika timu yenye jina kubwa, huwa haingii peke yake. Huingia akifuatana na kivuli cha yule aliyekikalia kiti kabla yake. Katika vibanda tunamotazamia mpira, na hata uani baada ya Misa, tumekwisha kusikia mara nyingi hukumu ikitolewa kabla ya mechi ya tano kuchezwa: "Yule wa zamani asingefanya hivi." Husemwa kwa uhakika, kana kwamba watu wawili ni magunia mawili ya mahindi yanayoweza kuwekwa kwenye mzani mmoja. Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya desturi hii ya kulinganisha, tukitazama hasa kisa kimoja kutoka Uingereza, ambacho vijana wetu wengi wanaoipenda Liverpool hawakukishuhudia.

Bill Shankly, mzaliwa wa Glenbuck, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Uskoti, alikabidhiwa timu ya Liverpool mwezi Desemba 1959. Timu hiyo ilikuwa daraja la pili. Mwaka 1962 akaipandisha daraja la kwanza. Akatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1964, 1966 na 1973. Kombe la FA mwaka 1965 na 1974. Na Kombe la UEFA mwaka 1973. Hata hivyo hesabu ya makombe haitoshi kumweleza. Alikuwa mtu wa maneno yenye moto, aliyejua kusimama mbele ya umati na kuufanya kila mmoja ajione kuwa timu ni yake. Basi tarehe 12 Julai 1974, akiwa na umri wa miaka 60, miezi miwili tu baada ya kulibeba Kombe la FA, akatangaza kwamba anang'atuka. Mashabiki walipigwa na butwaa.

Aliyepewa kiti ni msaidizi wake, Bob Paisley, mwenye umri wa miaka 55. Huyu hakukitafuta cheo hicho. Kwanza alijaribu kumshawishi Shankly abaki. Alikuwa amefika Liverpool mwaka 1939 akiwa mchezaji, akaenda vitani, akarudi, akacheza hadi mwaka 1954, kisha akabaki hapo hapo akiwatibu wachezaji na kuwafundisha. Mwaka 1950 alifunga bao katika nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Everton, na bado akaachwa nje ya kikosi kilichocheza fainali. Tena hakuwa msemaji. Mbele ya waandishi wa habari maneno yalimpotea, na wachezaji wenyewe walipata taabu nyakati nyingine kufahamu anamzungumzia nani. Mtu angewasimamisha wawili hao jukwaani mwezi ule wa Julai 1974, asingehitaji hata dakika moja kusema nani mkubwa na nani mdogo.

Msimu wa kwanza wa Paisley ukapita. Liverpool ikamaliza ligi katika nafasi ya pili, nyuma ya Derby County, na haikupata kombe lolote kubwa. Je, kama hukumu ingetolewa siku ile, ingekuwaje? Tunaijua hukumu hiyo, kwa maana tunaitoa kila mwaka juu ya makocha wengine.

Lakini alipewa muda. Katika misimu tisa Paisley alitwaa ubingwa wa ligi mara 6, na Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara 3: mwaka 1977 mjini Roma, mwaka 1978 mjini London, na mwaka 1981 mjini Paris. Kombe hilo Shankly hakulipata hata mara moja. Tuseme basi kwamba mrithi alimshinda mtangulizi? Hapo ndipo mzani wetu unapokosea. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Shankly alipofika mwaka 1959 hakuwafukuza wasaidizi aliowakuta. Aliwaweka karibu naye, na Paisley mwenyewe alikuwa mmoja wao. Walikutana katika chumba kidogo cha kuhifadhia viatu vya wachezaji, wakinywa chai na kupima mechi iliyopita na ile iliyo mbele. Paisley naye alipopewa kiti, akawabakiza Joe Fagan na wenzake. Nyumba haikubomolewa ili mwenye nyumba mpya aonekane kuwa amejenga.

Wakati huohuo Paisley hakuwa mwangwi wa mtangulizi wake. Ray Kennedy, mchezaji wa mwisho kusajiliwa na Shankly, alikuja akiwa mshambuliaji. Paisley akamrudisha nyuma, akacheza kiungo upande wa kushoto, akawa nguzo ya timu. Kevin Keegan, kipenzi cha mashabiki aliyeletwa na Shankly, alipoondoka kwenda Hamburg mwaka 1977, Paisley akamleta Kenny Dalglish kutoka Celtic. Alibadilisha mengi, ila alibadilisha kimya kimya. Alipokea bila kudharau, akaongeza bila kuomba ruhusa ya kivuli.

Kuna upande mwingine wa kisa hiki, nao unauma. Shankly baada ya kung'atuka hakujua la kufanya na asubuhi zake. Akawa anakuja Melwood, uwanja wa mazoezi, kama alivyozoea. Wachezaji wakaendelea kumwita "Bosi", na Paisley yupo pale pale. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ikabidi mzee aonyeshwe kwamba kuja kwake kunaleta tabu. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1976, aliandika jinsi alivyoumizwa na klabu aliyoitumikia kwa karibu miaka 15, na kwamba klabu nyingine, hata mahasimu wa mji huohuo, Everton, walimkaribisha kwa uchangamfu zaidi. Alifariki dunia mwezi Septemba 1981.

Nani alikuwa na haki? Sisi tunaona kwamba Paisley hakuwa na njia nyingine, kwa sababu timu haiwezi kuwa na Bosi wawili katika mazoezi ya asubuhi moja. Lakini klabu ilikuwa na njia. Kumwomba mtu aondoke uwanjani ni jambo moja; kumwacha bila kiti popote ni jambo jingine. Umati uliomlinganisha mrithi na mtangulizi ulikuwa na maneno mengi juu ya wote wawili, na hakuna aliyemwuliza yule mzee atakunywa wapi chai yake.

Sasa tutazame mfano wa pili kwa kifupi, ili tupate kuona tofauti. Mwaka 2013 Alex Ferguson aliondoka Manchester United baada ya miaka zaidi ya 26 na mataji 13 ya ligi. Siku ya kuaga nyumbani aliwaomba mashabiki wasimame na kocha mpya, kama walivyosimama naye katika siku mbaya. Kocha huyo, David Moyes, alipewa mkataba wa miaka sita. Akaja na wasaidizi wake kutoka Everton, na wasaidizi wakuu wa Ferguson wakaondoka. Akapokea pia kikosi ambacho baadhi ya nguzo zake zilikuwa zimekwisha kuzeeka. Tarehe 22 Aprili 2014, kabla ya kutimiza miezi kumi, akafukuzwa. Na timu ikamaliza msimu katika nafasi ya saba. Watu walihitimisha kwamba hakuwa kocha. Lakini mwaka 2023 mtu huyohuyo aliipatia West Ham kombe la Ulaya, ile Ligi ya Konferensi. Na Ferguson mwenyewe, aliyeanza kazi Manchester mwezi Novemba 1986, alipata kombe lake la kwanza hapo mwaka 1990. Aliyekuwa kipimo cha wengine alivumiliwa zaidi ya miaka mitatu. Aliyepimwa kwa kipimo hicho hakufikisha hata mwaka.

Hatusemi kwamba Moyes hakukosea. Hatusemi pia kwamba kulinganisha ni dhambi. Mwenye kumbukumbu atalinganisha tu, na mara nyingine kocha hafai na lazima isemwe. Tunachosema ni kwamba ulinganisho wa haki huuliza maswali zaidi ya lile moja la matokeo. Mtangulizi alipokea nini, akaacha nini? Mrithi amekabidhiwa watu wa namna gani? Amepewa muda gani? Na je, sisi tunaolinganisha tunamkumbuka mtangulizi alivyokuwa katika miaka yake yote, au tunakumbuka siku yake ya mwisho tu, ile ya vigelegele? Aghalabu tunauchukua mwaka mzuri kuliko yote wa mmoja, tunauweka mbele ya mwezi mgumu kuliko yote wa mwingine, halafu tunaita hiyo haki.

Jambo hili halikomei uwanjani. Mwalimu mkuu anapohamishwa, mwenyekiti wa jumuiya anapomaliza muda wake, paroko anapopelekwa kwingine, mama mkwe anapomkabidhi mkaza mwana jiko, kivuli huingia pamoja na mgeni. Anayeingia anahitaji muda na watu wa kumwonyesha ghala lilipo. Anayetoka anahitaji nafasi ya heshima, iliyo karibu kiasi cha kuitwa na mbali kiasi cha kutozuia njia. Paisley mwenyewe alilifahamu hilo. Alistaafu ukocha mwaka 1983, na mwaka 1985 Dalglish, akiwa bado mchezaji, alipofanywa kocha, mzee aliitwa awe mshauri wake. Alikuja kwa kuitwa, akashauri, wala hakukigusa kiti. Msimu huo Liverpool ilitwaa ligi na Kombe la FA kwa pamoja.

Leo hii wote wawili wana sanamu nje ya uwanja wa Anfield. Ile ya Shankly, iliyosimamishwa mwaka 1997, inamwonyesha amenyosha mikono mbele ya umati, na chini yake imeandikwa kwamba aliwafurahisha watu. Ile ya Paisley ilichelewa hadi mwaka 2020. Inamwonyesha amembeba mgongoni mchezaji aliyeumia, Emlyn Hughes, kama alivyofanya kweli katika mechi ya mwaka 1968, Shankly akiwa kocha mkuu na yeye akiwa msaidizi tu. Mmoja anakumbukwa kwa mikono iliyoinuliwa, mwingine kwa mgongo ulioinama. Klabu ilihitaji yote mawili, na hatudhani kuna mzani wa kuyapima.