Mashine ya Mayi na Msamiati Wangu

Naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo huenda mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili hapaswi kulikiri katika jarida linalosomwa na wahadhiri wake. Ninaweza kuzungumza kwa saa nzima kuhusu taashira, kejeli na usimulizi wa nafsi ya tatu bila kutazama daftari. Hata hivyo, mnamo Aprili 2024 mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka Matulo, akaniuliza swali moja kwa Kiswahili chepesi, nami nikakosa neno la kumjibia.

"Kukhu," alisema, maana nimerithi jina la nyanya yangu na nyumbani huitwa hivyo, "mashine imekataa kutema maji. Nguo zimelala ndani tangu jana. Nifanyeje?"

Kwa msomaji asiyeifahamu, Matulo iko katika Kaunti ya Bungoma, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kuelekea Bungoma mjini na hatimaye Malaba. Kwetu ni ndani kidogo, mahali ambapo mtu husikia malori usiku lakini hayaoni. Mashine yenyewe ilifika mwaka wa 2022. Kaka yangu aishiye Nairobi alikuwa amehamia nyumba ndogo zaidi, akaona heri ampelekee Mayi mashine yake ya kufulia, ile ya mlango wa kioo upande wa mbele, kuliko kuiuza kwa bei ya kutupa. Alitwambia kwamba Mayi amefua vya kutosha maishani, sasa apumzike. Sote tuliafiki. Tulichanga nauli ya lori, tukachanga na pesa za fundi wa mabomba.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika mashauriano hayo ya watoto wasomi ni kwamba Mayi hakuwa akifua. Kwa miaka mingi nguo za nyumba yetu zilifuliwa na senge, binamu ya marehemu baba, ambaye ana boma lake ng'ambo ya kijito. Alikuja Jumamosi asubuhi, akakunja kanga hadi magotini, akaondoka alasiri na shilingi mia tatu na chochote kilichokuwa jikoni. Huko Nairobi angeitwa mama fua, jina ambalo halimo katika kamusi ninazozitumia ingawa kila mpangaji analijua. Kwetu aliitwa senge, na pengine ndiyo sababu hatukumhesabu kama mtu mwenye kazi. Mashine ilipofika, aliyepumzishwa ni yeye, na hakuwa ameomba.

Hans Rosling, tabibu wa Uswidi aliyejulikana kwa kueleza takwimu, alitoa hotuba mwaka wa 2010 kuhusu mashine ya kufulia. Alisimulia jinsi nyanya yake alivyoketi mbele ya mashine mpya ya familia na kuitazama tangu mwanzo hadi mwisho, na jinsi muda uliookolewa ulivyompa mama yake nafasi ya kumpeleka maktaba. Nilipoisikia mara ya kwanza chuoni niliipenda mno. Nikiisikiliza leo, ninatambua kwamba nyanya yule alikuwa akifua mwenyewe. Katika hotuba hiyo hakuna senge.

Nirudi kwenye simu. Nilijua, kwa kuwa nimeishi na mashine kama hiyo katika nyumba ya kupanga, kwamba pengine kuna kitu kimeziba mahali fulani chini. Lakini nikiwa nimeshika simu nilisikia kinywa changu kikisema, "Mayi, angalia ile... ile filta ya pampu... hapo chini kwa... kwa ile drum." Mayi alinyamaza. Alifundisha Kiswahili katika shule za msingi hadi alipostaafu. Ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa lugha hii. "Sema Kiswahili," akaniambia. "Ndiyo unasomea." Kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine kilikuwa na lugha kadhaa za Ulaya pamoja na Kiarabu. Chetu hakikuwamo. Nilimwahidi kwamba ningempigia baadaye, kisha nikafungua kamusi.

Kamusi haikuninyima kila kitu. Ilinipa chujio, bomba, mpira na pampu. Kwa lile pipa la ndani nilijaribu "ngoma," na Mayi akacheka hadi akakohoa: "Ngoma ya kucheza nani?" Yeye tayari alikuwa na majina yake. Mlango aliuita mdomo. Ule mpira wa kijivu unaouzunguka mlango aliuita ufizi, na ukiutazama utakubali kwamba una mikunjo na unyevu kama ufizi. Pale nguo zinapozunguka ni tumbo, na mashine isipotoa maji imekataa kutema. Nilitaka kumsahihisha, kisha nikakumbuka kwamba sote husema mdomo wa chupa, jicho la sindano na miguu ya meza bila kuomba idhini ya kamati yoyote ya istilahi.

Wakati huo fundi mmoja alikwishaitwa. Aliwasha mashine, akasikia pampu ikivuma bila maji kutoka, akatangaza kwamba imeungua na kwamba mpya, pamoja na kazi yake, ingegharimu shilingi 9,500. Mayi alikuwa tayari kulipa. Senge naye aliitwa afue zile nguo zilizokwisha kuvunda. Nilipanda matatu Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nilimkuta uani mbele ya makarai matatu, akifua kana kwamba hakuwahi kuondoka. Aliniuliza habari za masomo. Sikujua nimwulize habari za nini.

Mashine ilinuka kama mihogo iliyoloweshwa ikasahauliwa. Nilichomoa plagi kwanza, nikafunga bomba la kuingiza maji, kisha nikapiga magoti. Upande wa chini kulia pana kijilango cha plastiki ambacho Mayi alidhani ni urembo. Ndani yake ndimo limo chujio, limekazwa kama kifuniko cha chupa. Nilitandaza gunia, nikaweka karai la kina kifupi, nikalizungusha polepole kuelekea kushoto. Maji meusi yalitoka kidogo kidogo. Nikawa nafunga, namwaga karai, nafungua tena. Chujio lilipotoka lilikuja na sarafu mbili za shilingi kumi, pini ya nywele, kifungo, kipande cha penseli na risiti ya mbolea iliyogeuka uji. Nyuma yake, mahali penye pangaboi dogo la pampu, uzi mrefu wa blanketi ulikuwa umejizungusha mara nyingi hata pangaboi halikuweza kugeuka. Pampu haikuwa imeungua. Ilikuwa imekabwa.

Niliukata uzi kwa wembe na kuutoa kwa kibano cha nyusi. Nilipoiwasha tena, mashine ilitema. Mayi alipiga makofi. Senge aliinua kichwa uani, akatazama, akaendelea kukamua shuka.

Mchana ule wote niliutumia kuisafisha. Droo ya sabuni huchomoka yote ukibonyeza kijiulimi kilicho katikati. Chini yake palikuwa na utando mzito wa sabuni isiyoyeyuka, na juu yake ukungu. Katika mikunjo ya ufizi nilipata nywele, mchanga na ute mweusi ambao ndio uliokuwa ukinuka. Nilitumia maji vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa na mswaki mkuukuu. Kisha nikafungua bomba la kuingiza maji kwa nyuma. Pale linapoungana na mashine pana wavu mdogo kama wa chujio la chai, nao ulikuwa umejaa tope laini jekundu. Tangi letu liko juu ya mnara mfupi, kwa hivyo maji huja kwa unyonge, na wavu ukiziba mashine hungoja hadi ichoke na kusimama. Majira ya mvua za masika, maji ya paa na ya mtaro yanapokuja na udongo, wavu huo hutaka kutazamwa mara nyingi zaidi.

Chanzo kikuu cha uchafu, nadhani, kilikuwa povu. Sisi tumelelewa kuamini kwamba nguo isiyotoa povu haijafuliwa. Mayi alitia vikombe viwili vya sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, ambayo imetengenezwa itoe povu jingi, ilhali mashine ya aina hii hutumia maji machache na huhitaji sabuni ya povu dogo. Povu likizidi, nguo huelea badala ya kupigana, sabuni haisuuziki, na masalio yake hubaki ndani yakiwa chakula cha ukungu na vijidudu. Zaidi ya hayo, alikuwa akiosha kila kitu kwa maji baridi ili kuokoa umeme, na akimaliza hufunga mlango barabara, kama mke mwema afungavyo kabati. Mashine ikifungwa ikiwa na unyevu huoza. Inapaswa kuachwa mdomo wazi hadi ikauke, na walau mara moja kwa mwezi ifanye kazi tupu, bila nguo, kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi.

Hapa naomba kuchepuka kidogo. Kitenzi "fua" katika kamusi hubeba kufua nguo, kufua chuma na kufua nazi. Zote ni kazi za nguvu ya mkono. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba mashine imelipokonya neno hili maana yake, hadi senge, aliyekuwa amekuja kunywa chai, alipochutama mbele ya kioo na kutazama nguo zikipandishwa juu na kuangushwa chini. "Kumbe inazipiga," alisema. Nami sikuiandika hoja yangu.

Jioni niliandika mwongozo wa ukurasa mmoja ili nisipigiwe simu tena. Ninanukuu sentensi yangu ya kwanza kwa aibu: "Uondoaji wa mabaki yaliyokusanyika katika chujio la pampu ya utoaji maji hauna budi kutekelezwa mara kwa mara." Nilimpa Mayi asome, nikaenda kulala. Asubuhi niliukuta mezani ukiwa umesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Chini ya sentensi hiyo aliandika: "Nani atekeleze? Lini?" Juu yake alikuwa ameandika yake: "Kila mwezi, chomoa plagi, toa chujio, lioshe." Pale niliposema "sehemu ya chini ya mashine," aliuliza, "Upande gani?" Pale nilipotahadharisha dhidi ya "michanganyiko ya kemikali," alikata mstari mzima na kunitaka niseme ni kemikali zipi. Nikaandika: Usitie Jik na siki pamoja, hutoa gesi ya sumu. Hapo aliweka alama ya vyema. Neno "ufizi," ambalo nilikuwa nimelifuta na kuandika "mpira wa mlango," alilirudisha. Mwisho wa ukurasa, kama alivyozoea kusahihisha insha za watahiniwa wake kabla ya KCPE kukoma mwaka wa 2023, alinitunuku alama 24 kati ya 40.

Nimeandika tasnifu yenye sura tano ambayo msimamizi wangu aliisifu kwa upevu wa lugha. Sijui kama yupo mtu aliyeweza kufanya jambo lolote baada ya kuisoma.

Suala la senge lilibaki. Nilimwambia Mayi kwamba haikuwa haki. Mayi alinijibu kwamba alilijua hilo tangu siku lori lilipoingia, ila watoto walikuwa na furaha sana. Waliketi wawili, wakazungumza kwa Lubukusu, wakiitana mulamwa, nami nikatumwa dukani. Niliporudi walikuwa wamekubaliana. Senge angekuja Jumamosi kama zamani, kwa malipo yale yale. Mashine ingekuwa yake kuilisha na kuisafisha. Mablanketi, ambayo haiyawezi, angeyafua kwa mkono. Umeme ukipotea, angerudi kwenye makarai. Nilidokeza kwamba shilingi mia tatu ni zile zile za miaka iliyopita wakati bei ya unga si ile ile. Senge alicheka. Mayi hakucheka, na tangu mwezi wa Mei zimekuwa mia tano. Kaka yangu hutuma tofauti hiyo, ingawa bado hudhani ni pesa za sabuni.

Nilifika tena nyumbani Desemba. Mashine haikunuka. Droo ilikuwa nje ikianikwa juani, mlango ulikuwa wazi, na ukurasa wangu ulikuwa umebandikwa ukutani juu ya bomba, ndani ya karatasi ya plastiki, pamoja na masahihisho yote mekundu na zile alama 24. Juu kabisa, kabla ya maagizo ya Mayi na yangu, palikuwa na mstari mmoja wa penseli, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la nne: "ANGALIA MIFUKO KWANZA."