Injini Mpya katika Motokaa Kuukuu

Miongoni mwa motokaa zilizopata kuundwa Marekani, ni chache zinazopendwa kwa wivu kama zile zilizotoka viwandani tangu mwaka 1964 hadi mwaka 1972 hivi, ambazo wenyewe huziita motokaa za misuli. Asili yake ilikuwa ukaidi. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kanuni kuwa motokaa ya ukubwa wa kati isitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, wakatwaa injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, wakaitia katika Tempest ya mwaka 1964, wakaiandika katika orodha ya bei kuwa ni ziada ya hiari ya mnunuzi, si motokaa mpya. Kwa hila hiyo GTO ikazaliwa. Wengine wakafuata mbio, na kwa miaka michache kijana mwenye kibarua cha kiwandani aliweza kuendesha kitu chenye nguvu kupita busara yake. Kisha bima ikapanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikaja, mafuta yakaadimika mwezi wa Oktoba 1973, na karamu ikavunjika.

Yafaa asili hiyo ikumbukwe kabla ya kuwahukumu mafundi wa siku hizi, ambao huing'oa injini ya zamani, giaboksi yake, breki zake na viti vyake, wakaweka vya kisasa chini ya bati lile lile la kale. Wapo wanaolia kwamba hilo ni kufuru. Lakini kilio chao kina upungufu, maana motokaa wanayoitetea ilikuwa, tangu siku yake ya kwanza, injini iliyopelekwa mahali isipotakiwa.

Hata hivyo, si kila hoja yao ni ya kupuuzwa, na mahali pa kuipima si katika maonyesho, bali katika banda la mtu wa kawaida. Na afikiriwe mtu aliyerithi kwa marehemu baba yake Chevrolet Chevelle Malibu ya mwaka 1970. Si ile ya kifahari yenye injini ya inchi 454. Ni ile iliyonunuliwa na watu wengi, injini yake ya inchi 307, giaboksi yake Powerglide yenye gia mbili tu za kwendea mbele, na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Katika viti vya nyuma alikaa yeye alipokuwa mtoto. Sasa ana watoto wake, nao wanataka kukaa pale pale.

Hapo ndipo mapenzi yanapogombana na akili. Breki ya dramu hukamata vema mara ya kwanza. Ikikanyagwa tena na tena katika mteremko mrefu hupata moto, na ikipata moto hulegea. Abiria wa nyuma hana mkanda wa kumpita begani, ana wa kiunoni tu. Gia mbili hulazimisha injini kupiga kelele njia nzima katika barabara kuu, ambako hata lori la mizigo huenda kwa utulivu. Petroli yenye risasi, ambayo ilivilinda viti vya vali vya injini nyingi za zama zile, ilikatazwa kwa magari ya barabarani Marekani mwaka 1996. Mrithi huyo akiiacha motokaa kama ilivyo, ameitunza kumbukumbu ya baba, lakini amewaweka watoto katika hatari aliyoiona kwa macho yake. Akiibadili, huenda akafungua mlango siku moja asimkute tena baba ndani.

Wengi wa namna yake huamua kuibadili, na injini inayochaguliwa sana ni ya jamii ya LS, iliyotokea kwanza katika Corvette ya mwaka 1997. Sababu si ushabiki mtupu. Ni injini fupi kwa kimo, ya silinda nane, nyingine zina bloku ya aluminiamu, na ndugu zake zilizotiwa katika magari ya mizigo hupatikana kwa wauza vyuma chakavu. Ile inayoitwa LS3, ya lita 6.2, ilitiwa katika Corvette ya mwaka 2008 ikiwa na nguvu za farasi 430. Msomaji atasema kuwa ile 454 ya mwaka 1970 ilitangazwa kuwa na 450, basi mpya imeshindwa. Hasha. Zamani injini ilipimwa ikiwa imesimamishwa peke yake, bila mzigo wa mitambo inayoitegemea wala bomba la moshi la kawaida. Tangu mwaka 1972 viwanda vya Marekani vilitangaza kipimo cha injini ikiwa imevaa vyombo vyake vyote. Anayezilinganisha namba hizo mbili ni kama anayempima mmoja uchi na mwingine na mzigo wake kichwani.

Kazi yenyewe haina huruma kwa mwenye haraka. Injini mpya ikishushwa, sampu yake hugonga mhimili unaokatisha fremu, basi sharti itafutwe sampu ya umbo jingine. Giaboksi ya gia sita ni nene, na mara nyingi mgongo wa sakafu hukatwa na kuchomelewa upya ili ipite. Giaboksi ikibadilika urefu, propela shafti nayo haifai. Huundwa nyingine, na pembe yake isipopimwa sawasawa motokaa yote hutetemeka. Kabureta iliridhika na mafuta yenye msukumo wa paundi 6 hivi kwa inchi ya mraba. Injini hii hutaka 58, na anayeacha mipira ya zamani katika njia ya mafuta amejiwashia moto mwenyewe. Huja radieta, huja nyaya, na kijisanduku cha kompyuta ambacho bila hicho injini haiwaki. Breki za diski zingetangulia kuliko yote, lakini wapo wanaozikumbuka mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Hao hawastahili kuitwa mafundi.

Kipo kifaa kimoja kidogo kinachostahili kutajwa. Mshale wa mwendo wa zamani uliendeshwa na waya uliozungushwa na giaboksi. Giaboksi mpya hutoa ishara ya umeme tu. Basi watu wameunda mota ndogo inayoipokea ishara hiyo na kuuzungusha waya wa kale, ili mshale ule ule uzidi kupanda mbele ya macho ya dereva.

Ndani ya motokaa ndipo hukumu inapokuwa ngumu. Mikanda ya begani na viti vyenye kuzuia shingo havina mjadala. Kiyoyozi nacho kisamehewe. Lakini dashibodi ya Chevelle ikipasuliwa kuwekwa kioo kipana cha kung'aa, jambo limepotea ambalo hakuna sheria wala hatari iliyolidai. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na vidonda vingi vya namna hiyo vimekwisha kulipiwa fedha nyingi. Wajenzi wa majahazi hubadili mbao zilizooza moja baada ya moja, na jahazi halipotezi jina. Lakini hawabadili tezi kwa sababu tu wameona tezi nyingine bandarini.

Tena zitengwe motokaa za namna mbili. Ile iliyo adimu, ambayo injini yake ina chapa ya namba zinazolingana na za mwili wake, ni ushahidi wa historia, na anayeikata sakafu amechana waraka usio na nakala. Malibu ya kawaida haina deni hilo. Deni lake ni kwa watu waliopanda humo.

Mafundi waangalifu huepuka kukata panapoweza kufungwa kwa bolti. Injini ya zamani haiuzwi. Hutolewa mafuta, matundu yake huzibwa, vishikizo vyake hufungwa katika kitambaa na kuandikwa majina, nayo huwekwa juu ya ubao katika pembe ya banda, pamoja na Powerglide yake na breki za dramu, na turubai juu yake. Mtoto akija kukua na kutaka kuisikia sauti aliyoisikia babu, atakuta kila bolti imehesabiwa.