Ndoo Mbili na Visu

Nimelelewa Kisabato hapa Nyamarambe, na ushuhuda niliozoea kuusikia ni wa mtu aliyeokolewa akaacha kwenda ukumbi wa video. Wangu umeelekea upande wa pili.

Kwa miaka mingi nilibaki na kipande kimoja tu cha filamu: kijana mwenye kipara anapanda na ndoo mbili za maji, mikono kainyoosha, visu vimefungwa mikononi, ncha zikielekea mbavuni. Akilegea, anajichoma. Jina la filamu sikulijua. Tuliingia ukumbini mkanda ukiwa katikati, na msimulizi wetu, aliyetutafsiria filamu papo hapo, alikuwa keshambatiza shujaa jina la Kigusii, akadai anajiandaa kukomboa ng'ombe wa babake walioibwa. Sisi wa mpakani na Transmara, kisa cha wizi wa ng'ombe hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Tena maji tulikuwa tukiyabeba wenyewe kutoka chemchemini!

Ndiyo maana kuitafuta kulinishinda. Kila niliyemsimulia habari za ng'ombe alicheka. Huyu aliapa ni ya Jackie Chan, yule akasema Bruce Lee. Nikaanza kuwachukia wasimulizi wote wa filamu, hata DJ Afro wa hapa Kenya, nikiwaona waharibifu wa kazi za watu.

Kijana anayejazia watu sinema kwenye flashi pale sokoni ndiye aliyenifungua.

“Mwalimu, wachana na stori. Nionyeshe alichokuwa anafanya.”

Nikanyoosha mikono mbele ya wateja wake. Hakungoja nimalize. Akasema ni The 36th Chamber of Shaolin, ya Hong Kong, 1978, iliyoongozwa na Lau Kar-leung. Mwenye ndoo ni Gordon Liu.

Nikaitazama yote. Ng'ombe hakuna. Kuna San Te, anayewakimbia watawala Wamanchu baada ya watu wake kuuawa, akapita vyumba 35 vya mafunzo hekaluni, kisha akataka kufungua cha 36 ili raia wa kawaida nao wajifunze kujitetea. Yaani dhuluma ni ileile, na kisasi ni kilekile. Msimulizi alibadilisha mali iliyoporwa tu, ili mtoto wa Gusii apate uchungu wa haraka.

Tangu hapo nawatetea wasimulizi, kuanzia DJ Afro hadi Lufufu wa Dar es Salaam. Bila yule wetu, ndoo zile zingenipita kama picha nyingine yoyote.

Nawe ukiwa na filamu inayokuwasha kichwani, usimsimulie mtu hadithi, mwonyeshe tendo. Ukilipata jina, mtafute aliyekutafsiria, umnunulie soda.